Theluji ya Boston na Kusi ya Amu

Maneno haya niliyasema mjini Lamu, ambao wenyewe tunauita Amu, baada ya swala ya alasiri, mbele ya wavuvi, manahodha na wanafunzi. Vijana walioniomba kuzungumza ndio walioniomba pia niyaandike, na nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, manahodha, wavuvi wa Shela, Matondoni na Kipungani, nanyi mliovuka kutoka Pate na Kizingitini, na wanafunzi mlioketi hapa chini mbele yangu, shukran kwa kuja. Iliposikika mtaani kuwa nitazungumzia utabiri wa theluji, mjomba alinijia nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, theluji na Amu wapi na wapi?" Nimemwomba aketi safu ya mbele, maana habari yake nayo imo humu.

Nianze na neno. Mwaka 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akaingia bara. Tarehe 11 Mei aliuona mlima Kilimanjaro kwa mbali, na juu yake weupe unaong'aa. Akadhani ni wingu. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kwamba ile ni theluji, akaandika hivyo, na mabingwa wa jiografia wa London wakamkatalia kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mimi huwa namfikiria zaidi yule kiongozi. Hakuwa na jina la kile kitu, lakini alijua kinamfanya nini mtu. Baadaye tulikuwa na majina mawili. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu, ile mnayojaza katika makasha ya samaki kila alfajiri, tumeipata kwa Waajemi, na kwa Waajemi wenyewe neno hilo maana yake ni theluji. Kwa hiyo neno lenyewe mnalo midomoni kila siku.

Mimi nilikaa miaka miwili Massachusetts, Marekani, nikisoma elimu ya hali ya hewa. Ni pwani kama hii: bahari iko mashariki, watu wanaishi kwa kamba na samaki, na wazee wanatazama mawingu kabla ya kunywa chai. Tofauti ni kwamba kuanzia Desemba hadi Machi swali la kila nyumba ni moja. Itaanguka au haitaanguka? Nilijifunza kule kwamba swali hilo ni gumu kuliko nilivyodhani, na ugumu wake unafanana sana na wetu.

Katikati ya Marekani, mbali na bahari, kutabiri theluji kuna unafuu. Baridi ipo, linalotafutwa ni unyevu. Pwani unyevu ni tele, na jambo zima linategemea nyuzi moja au mbili za joto. Baridi kavu inashuka kutoka Kanada na kulala juu ya nchi kavu. Baharini unapita mkondo wa maji moto, Gulf Stream. Pale baridi na joto vinapokabiliana, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hushuka, upepo unaanza kuzunguka, na dhoruba inapanda kando ya pwani kuelekea kaskazini. Watu wa kule huipa dhoruba hiyo jina la upepo wake, kama tufanyavyo sisi. Upepo unatoka kaskazini mashariki. Kwa lugha yetu, wazee wangu, hizo ni dhoruba za kaskazi.

Sasa angalieni njia yake. Kitovu cha dhoruba kikipita mbali kiasi na nchi kavu, upepo wa mjini unatoka upande wa kaskazini, unabeba baridi, na theluji inaanguka. Kikisogea karibu mno, upepo unageuka kuwa wa matlai, wa kutoka mashariki, unaleta joto la bahari, na watu wanapata mvua tu. Kikienda nje sana, wanapata mawingu na jua. Watabiri wa Boston, mji mkuu wa Massachusetts, wana alama yao baharini, latitudo 40 kaskazini na longitudo 70 magharibi, kusini mwa kisiwa cha Nantucket. Kitovu kikipita karibu na alama hiyo, watu wanatoa sepetu stoo. Sisi hapa tuna mti fulani, mwamba fulani, tunaoutumia kuingilia mlango wa bahari. Wao wana nukta kwenye ramani, katikati ya maji matupu.

Na hata kitovu kikipita panapotakiwa, bado kuna safari ya chembe yenyewe. Theluji huzaliwa juu, penye baridi. Ikishuka ikapita tabaka la hewa lenye joto kidogo tu juu ya sifuri, inayeyuka. Ikifika chini imeyeyuka na ardhi iko chini ya sifuri, maji yale yanaganda yanapogusa kitu: waya wa umeme, tawi la mti, ngazi ya nyumba. Niliona asubuhi moja mti mzima umevaa kioo, matawi yakivunjika mmoja baada ya mwingine kwa sauti kama ya risasi, na hakuna upepo hata kidogo. Ndiyo maana watabiri wanahitaji kujua joto la hewa kutoka chini hadi juu kabisa. Mara mbili kwa siku, saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, vituo duniani kote hurusha maputo yenye kifaa kidogo cha kupimia, yakapanda hata kilomita 30 kabla ya kupasuka. Nairobi, pale Dagoretti, nako hurushwa.

Jirani yangu kule alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu. Nyuma ya nyumba yake alilaza ubao mweupe, mkubwa kama sinia ya pilau. Theluji ikianguka, saa moja kamili asubuhi alitoka na rula ya mbao, akaisimamisha wima juu ya ubao, akainama mpaka jicho likawa sawa na alama, akasoma. Kisha akaufuta ubao na kuulaza tena. Hakuishia hapo. Alichukua theluji iliyoingia katika kopo la kupimia, akaiyeyusha jikoni, akapima maji yake. Mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Kopo lililojaa pomoni liliacha maji ya kufunika kitako tu. Kwa kawaida sentimita kumi za theluji ni sentimita moja ya maji. Lakini theluji ya pwani iliyolowa ni nzito, na sentimita sita zaweza kutoa maji yale yale; ile kavu ya baridi kali inafika hata ishirini. Kwa hiyo mtabiri anaweza kupatia kabisa kiasi cha maji kitakachoshuka, na bado akakosea kimo cha theluji kwa maradufu. Bibi yule aliandika yote katika daftari lenye jalada la kijani. Hakulipwa. Marekani ina mtandao rasmi wa wapimaji wa kujitolea wa aina yake tangu mwaka 1890, na bila madaftari yao watabiri wasingejua wamekosea wapi.

Nitawasimulia dhoruba mbili, kisha nitarudi nyumbani.

Ya kwanza ni ya Januari 2015. Jiji la New York liliambiwa lijiandae kwa sentimita 50 hadi 75 za theluji. Meya alisema huenda ikawa dhoruba kubwa kuliko zote katika historia ya jiji. Barabara zikafungwa. Treni za chini ya ardhi zikasimamishwa kwa sababu ya theluji kwa mara ya kwanza tangu zilipoanza. Asubuhi watu wakaamka, katika bustani ya Central Park zimeanguka sentimita 25. Watu wakakasirika, wakasema wametiwa hofu bure, na mtabiri mmoja wa eneo la jirani akaomba radhi hadharani. Lakini Boston, siku zile zile, ilipata zaidi ya sentimita 60, na mashariki mwa Long Island, mwendo wa saa chache tu kutoka New York, hali ilikuwa hivyo hivyo. Dhoruba ilikuja. Ilipita tu nje zaidi kuelekea mashariki, kwa maili zisizofika mia. Na jambo linaloniuma mpaka leo katika habari hiyo ni kwamba watabiri walijua uwezekano huo. Modeli za kompyuta hazikukubaliana. Ya Ulaya ilileta theluji nyingi jijini, ya Marekani ikaleta kidogo. Shaka hiyo haikumfikia mwananchi kwa uzito wake. Yeye alisikia namba kubwa tu.

Ya pili ni ya Februari 1978, na hii ndiyo nawaomba muishike. Watabiri walisema theluji kubwa itaanza Jumatatu tarehe 6, mapema asubuhi. Kulikucha, hakuna kitu. Watu wa Boston wakatazama dirishani, wakacheka, wakawasha magari wakaenda kazini. Saa nne hivi ikaanza. Mchana haukuonekana mkono mbele ya uso. Magari zaidi ya 3,000 yakakwama katika barabara moja inayozunguka jiji, theluji ikayafunika na watu wamo ndani. Wengine walifia humo, kwa moshi wa injini walizoziacha ziwake ili wapate joto. Boston ilipata sentimita 69, bahari ikabomoa nyumba za pwani, na katika eneo lote la New England walikufa watu wapatao 100. Utabiri ule ulikuwa sahihi. Dhoruba ndiyo iliyochelewa kwa saa chache tu, na saa hizo ndizo zilizowaua watu.

Mjomba, nisamehe. Umeniruhusu, kwa hiyo nasema.

Ilikuwa Julai, kusi imeshika. Redio ilitoa tahadhari ya mawimbi siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza bahari ilikuwa ya kawaida. Ya pili vile vile. Siku ya tatu tahadhari ikatolewa tena, na mjomba akasema maneno ambayo kila mvuvi hapa amewahi kuyasema: "Yana wamenena vivyo hivyo," yaani jana walisema hivyo hivyo. Akatoka alfajiri na vijana wawili. Nje walivua vizuri, upepo wa wastani. Walikuwa wanarudi adhuhuri, maji yanakupwa, wakafika mlangoni kati ya Shela na Ras Kitau. Mnajua wenyewe pale. Maji ya kupwa yanatoka kwa nguvu, na mawimbi makubwa yaliyozaliwa mbali kusini, kwa dhoruba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, yanaingia. Vikikutana, wimbi linasimama kama ukuta. La pili liliigeuza mashua.

Walishikilia mkuku kwa saa tatu. Maji yalikuwa ya nyuzi 25 hivi, maji ambayo mgeni wa hoteli angeyaita ya moto. Kijana mdogo alitetemeka mpaka meno yakagongana. Kisha akaacha kutetemeka, na mjomba akashukuru, akidhani amepata nafuu. Wanafunzi, sikilizeni hapa: mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi akiacha na bado yumo majini, hiyo ni hatari kubwa zaidi, mwili umechoka kujitetea. Maji yananyonya joto la mwili kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa. Theluji si lazima ndipo baridi iue. Mashua ya Kipungani iliwakuta, Alhamdulillahi, na kijana yule leo ana watoto. Mashua ya mjomba ilivunjikia mawe. Alikuwa amemaliza kuilipia miezi minne kabla.

Nimejiuliza mara nyingi kosa lilikuwa la nani, na sioni kama ni la mjomba peke yake. Tahadhari ile ilitolewa kwa pwani nzima, kutoka Vanga hadi Kiunga, zaidi ya kilomita 500. Haikusema mlango gani, haikusema saa ngapi, haikusema kama ni jambo lililo karibu hakika au la kubahatisha. Ilisema tu kutakuwa na mawimbi makubwa. Mtu akiambiwa hivyo siku tatu, na mbili hakuona kitu pale anapovua, ataamini nini?

Huko Massachusetts ndiko alikofundisha Edward Lorenz, bingwa wa elimu ya hali ya hewa. Mwaka 1961 alikuwa na kompyuta inayoiga mwenendo wa hewa. Siku moja alitaka kurudia hesabu kutoka katikati, akaingiza namba 0.506 badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine. Tofauti ndogo kuliko unyoya. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya kompyuta ile ilikuwa imekwenda njia nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo watabiri wa leo hawafanyi hesabu moja. Kituo cha Ulaya chenye makao yake Reading, Uingereza, tangu 1992 kinafanya utabiri wa makundi, na kwa miaka mingi sasa kundi lina hesabu 51, kila moja imeanza na tofauti ndogo kidogo.

Fikirieni manahodha 51 wanaotoka Lamu usiku mmoja kwenda Kismayu, kila mmoja amekisia upepo na mkondo tofauti kidogo na mwenzake. Asubuhi ukiwaona wote wamekaribiana, unajua njia ni ya kuaminika. Ukiwaona wametawanyika, mmoja yuko karibu na nchi na mwingine haonekani, unajua usiku ule haukuwa wa kuapia. Watabiri wakikwambia asilimia 70, wanakwambia manahodha wangapi wamefika sehemu moja. Hawajaapa. Na asilimia 70 maana yake pia ni kwamba siku tatu katika kumi hutaona kitu, nao watakuwa hawajakudanganya.

Kuna mzee aliniuliza mlangoni kama mvua si katika mambo ya ghaibu, yasiyojulikana ila na Mwenyezi Mungu. Ni swali la haki na sitalipita. Mtabiri hadai ghaibu. Anasoma dalili, kama nahodha asomavyo rangi ya maji, kama mkunga ahesabuvyo miezi na bado aseme inshallah. Mkunga akikosea siku kumi hatusemi hajui kazi. Na tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Dalili zenyewe ni katika vilivyoumbwa.

Sasa lile swali la mjomba: theluji na Amu wapi na wapi?

Katika majira ya baridi ya kaskazini, nchi ya Siberia hupoa kupita kiasi. Kule Oymyakon walishapima nyuzi 67 chini ya sifuri. Hewa baridi ni nzito, inalala chini, kanieneo inakuwa kubwa, na hewa hiyo inatafuta pa kutokea. Upande mmoja inatoka kuelekea Japani. Inavuka bahari iliyo na joto kuliko yenyewe, inanyonya unyevu, na inapopiga milima ya pwani ya magharibi ya Japani inamwaga theluji ya kufunika ghorofa ya chini ya nyumba. Upande mwingine, bara lote la Asia likiwa limepoa na bahari yetu ya kusini imepata joto, hewa inashuka kupitia Bara Hindi na Uarabuni, ikipata joto njiani, mpaka inatufikia sisi mwezi wa Desemba ikiwa nyororo. Hiyo ndiyo kaskazi. Upepo uliowaleta mababu na tende na mazulia ni ndugu wa theluji ya Japani. Wametoka nyumba moja.

Na kuna mmoja aliyejaribu kutumia theluji kutabiri upepo wetu wa pili. Henry Blanford alikuwa mkuu wa hali ya hewa wa India chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1880 aliona kuwa theluji ikiwa nyingi Himalaya majira ya baridi, mvua za msimu wa kiangazi hupungua, na akaanza kutoa utabiri kwa kuitazama theluji hiyo. Uhusiano ule haukuthibitika imara kama alivyotumai. Lakini wazo lake lilikuwa na mantiki: nchi iliyofunikwa na theluji huchelewa kupata joto, na bila joto la Asia kusi haina wa kuivuta. Mvua inayonyesha Bombay mwezi wa Julai ni kusi ile ile iliyopita juu ya vichwa vyetu, ikavuka ikweta kando ya pwani hii na ya Somalia, kwa kasi kubwa kiasi kwamba wataalamu wameupa mkondo huo jina la John Findlater, aliyeueleza mwaka 1969.

Jirani zetu wa Malindi wanayo hadithi ya mtu aliyefuata majira na kisha akayapuuza. Vasco da Gama alipewa rubani pale Aprili 1498, kusi inaanza, akafika India chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakutaka kungoja. Aliondoka pwani ya India Oktoba, kabla kaskazi haijaja, na akakaa karibu miezi mitatu baharini. Kiseyeye kikawaua watu wake wengi hata alipofika Malindi Januari 1499 waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zake, na moja akaichoma moto. Hakuna kompyuta ingemsaidia. Mwana wa Malindi wa miaka kumi angemwambia angoje.

Kuna jambo jingine dogo linalonifurahisha sana. Roland Madden na Paul Julian, Wamarekani, mwaka 1971 waligundua mawingu makubwa ya mvua yanayozaliwa katika Bahari ya Hindi na kusafiri mashariki kando ya ikweta, yakirudi kila baada ya siku 30 hadi 60. Mawingu hayo yanaweza kuzidisha mvua zetu za masika na vuli. Na watabiri wa Boston wakitaka kukisia baridi ya wiki tatu zijazo, wanatazama mawingu yale yale yako wapi. Mtu wa kule anaamua kununua chumvi ya kumwaga barabarani kwa kutazama mbingu ya upande huu.

Basi tunahitaji nini hapa? Mimi nataka tuombe, kwa adabu lakini bila kuchoka, tahadhari inayotaja mahali, saa na uzito wa shaka yake. Kusi ikitaka kukaza, dalili huonekana siku kadhaa kabla, kanieneo kubwa inapozidi nguvu huko kusini, upande wa Mauritius na Réunion. Mawimbi marefu nayo yanasafiri siku nyingi kabla ya kufika Ras Kitau. Muda wa kumwambia mvuvi upo. Niambie "kesho adhuhuri, maji yakikupwa, milango ya Lamu, nne katika kumi." Mwenye meli ya chuma atatoka kwa nne katika kumi. Mwenye mashua moja ya mbao, injini ya nguvu farasi 15 na vijana wawili wa watu, alale nyumbani, na asionekane mwoga.

Ila hatuwezi kudai tu. Utabiri wa mlango wa Shela hautapata kuwa mzuri kama hakuna anayeandika kilichotokea mlangoni Shela. Wazee wetu walihesabu mwaka wa bahari kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao, na walijua kila mwongo una upepo gani. Walikuwa na kumbukumbu kuliko mashine yoyote, lakini nyingi zimekwenda nao kaburini, Mungu awarehemu. Nimemkumbuka yule bibi na ubao wake.

Nimeleta madaftari arobaini. Kila ukurasa una safu nne: tarehe na siku ya mwezi mwandamo, tahadhari iliyosemwa, ulichokiona pamoja na wapi na saa ngapi, na upepo kwa jina lake la kwetu. Msiandike siku mbaya tu. Siku walizosema kutakuwa na mawimbi na bahari ikalala, hizo hasa nazitaka. Kusi ikiisha tutakaa tena hapa tuhesabu, tuone nne katika kumi zao zilikuwa nne kweli, na BMU wetu, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, wapeleke hesabu hiyo kwa watabiri mezani.

La kwangu nimeshaanza. Mstari wa kwanza niliuandika jana jioni nikiwa gatini: mawimbi ya wastani, saa kumi na moja, upepo wa kusi. Mjomba alilisoma asubuhi, akavua miwani, akaniambia ule haukuwa kusi, ni upepo wa maleleji tu, kusi yenyewe bado siku kadhaa. Nimekata neno moja na kuandika jingine juu yake, na jina lake pembeni kama shahidi. Madaftari yako pale mlangoni, kalamu zimo ndani.